Kiangazi, Masika na Msimu: Majira ya Safari katika Bonde la Mkata

Utangulizi

Katika shughuli za utalii nchini mwetu hakuna swali linaloulizwa mara nyingi kuliko hili: ni majira gani yafaayo kwenda kutazama wanyama? Jibu linalotolewa kwa Kiswahili ni fupi, nalo ni kwamba mgeni aje wakati wa kiangazi. Kwa upande wa wanyama jibu hili ni sahihi, lakini kwa upande wa lugha lina utata ambao haujatazamwa kwa makini. Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya maneno ya majira katika eneo moja, yaani Kilosa na Mikumi, ili kuonyesha jinsi neno moja linavyoweza kumleta mtu katika nyika kavu au kumtumbukiza topeni. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu ni njia ya kale ya misafara, ni mahali pa hifadhi ya taifa, na tena ni nchi ya wakulima ambao maisha yao yote hufuata mvua.

Mbuga ya Mkata

Tuanze na ardhi yenyewe. Kati ya milima ya Uluguru upande wa mashariki na milima ya Usagara upande wa magharibi umelala uwanda wa Mkata. Maji ya milima hiyo hushuka kwa mito kama Mkata na Mkondoa, na hatimaye huingia katika mto Wami. Udongo wa uwandani ni mweusi na mzito. Wakati wa jua hupasuka nyufa, na wakati wa mvua hugeuka ulimbo usiopitika.

Watu wa bara wana jina la ardhi ya namna hiyo, nalo ni mbuga. Kwa maana yake ya asili mbuga ni uwanda wa nyasi, hasa ule wa udongo mweusi unaotwama maji masika na kukauka kiangazi. Wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki waliliona neno hili kuwa halina mfano katika lugha zao, wakalichukua kama lilivyo na kulitumia katika maandishi yao ya kisayansi. Sisi wenyewe tumelipeleka kwingine, kwani siku hizi mtu akitaja mbuga, wengi hufikiri mara moja juu ya wanyama waliohifadhiwa. Sheria hutumia istilahi hifadhi ya taifa, na ndivyo ilivyo kwa Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975 hata ikafikia kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na miti ya mikumi, ambayo kwingine huitwa mivumo.

Hatusemi kwamba maana mpya ya mbuga ni kosa. Tunasema tu kwamba maana ya kwanza ilikuwa na maarifa ndani yake. Aliyesikia kwamba njia yake inapita mbugani alijua papo hapo kwamba yampasa kuuliza ni mwezi gani.

Misafara miwili

Historia imetuachia ushahidi mzuri wa jambo hili. Mwezi Juni mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika. Waliupita uwanda wa Mkata mwezi Agosti, ardhi ikiwa kavu, na tarehe 7 Novemba waliwasili Tabora, iliyoitwa Kaze wakati huo. Homa iliwasumbua sana njiani, lakini uwanda haukuwazuia.

Mwaka 1871 alikuja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, akimtafuta David Livingstone. Aliwasili Unguja mwezi Januari akitumaini kuondoka kabla ya mvua kubwa, lakini alicheleweshwa Bagamoyo na shida ya kupata wapagazi. Kikosi chake cha mwisho kiliondoka tarehe 21 Machi, yaani mlangoni mwa masika. Mwanzoni mwa Mei alifika Mkata. Hapo msafara ulipita majini na topeni, punda wakafa, mizigo ikalowa, na Stanley mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Mwaka uliofuata, aliporudi pwani mwezi Aprili, alikuta tena mafuriko katika bonde la Mkondoa na Mkata, na mji wa Simbamwene karibu na Morogoro ulikuwa umebomolewa vibaya na maji.

Katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1872, Stanley aliliandika neno masika kwa Kiswahili. Huenda wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani walilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwake.

Inafaa tuulize kwa nini wapagazi walikuwa adimu. Wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa wakulima. Walishuka pwani na mizigo baada ya mavuno, nao walipenda kuwa nyumbani mvua za kupandia zilipokaribia. Hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza kuhusu majira bora ya safari. Jembe ndilo lililowaongoza. Kwao safari ilikuwa kazi ya kiangazi, na mtu aliyetaka kusafiri masika alikuwa akishindana na shamba pamoja na mvua.

Kiangazi cha pwani na kiangazi cha bara

Hapa ndipo tunapofikia tatizo la istilahi. Majira ya Kiswahili cha pwani yametungwa kwa kufuata pepo na bahari. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hadi Machi, na joto huwa kali. Masika hufuata, kisha kusi na baridi ya kipupwe, halafu demani, na mwishoni mvua ndogo za vuli. Katika mpango huo kiangazi ni lile jua kali la kaskazi linalotangulia masika. Kwa Mwunguja wa zamani, basi, Februari ndio kiangazi hasa.

Kiswahili kilipoenea bara neno hili lilikutana na mwaka wa namna nyingine. Bara watu hawakupima mwaka kwa jahazi bali kwa mvua na ukavu. Ukavu mrefu wa bara huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Oktoba, na huo ndio uliopewa jina la kiangazi. Matokeo yake ni kwamba neno moja sasa linataja nusu mbili za mwaka zilizo kinyume. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na hivyo kamusi za mwanzo ziliegemea matumizi ya pwani, ilhali wasemaji wengi wa leo ni wa bara.

Hili si suala la wanazuoni peke yao. Mgeni aambiwaye aje Mikumi kiangazi, naye akaifuata maana ya pwani, atafika mwezi Februari au mapema Machi, nyasi zikiwa ndefu, wanyama wametawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali, na masika yakikaribia kufunga njia za udongo mweusi. Akiifuata maana ya bara, atafika Agosti au Septemba, nyasi zikiwa fupi, na tembo, nyati, pundamilia, nyumbu na twiga wakiyaendea maji machache yaliyobaki.

Lakini tusiseme kwamba majira ya mvua hayana thamani. Mvua zinapoanza swala wengi huzaa, na kuanzia Novemba hadi Aprili huwapo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia. Kwa hiyo lugha ya utalii isimwambie mgeni kwamba majira haya ni mazuri na yale ni mabaya. Imweleze kila majira yana nini.

Msimu ni wa nani?

Neno la pili lenye utata ni msimu. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilitaja wakati wa jahazi kuja na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Lugha za Ulaya zimelipata jina lao la pepo hizo kutoka shina hilohilo. Leo wenye hoteli husema msimu kwa maana ya miezi ya wageni wengi, yaani katikati ya mwaka, ardhi ikiwa kavu. Mkulima naye husema msimu kwa maana ya kilimo, yaani wakati wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa imeongeza maana ya tatu: mvua za msimu ni zile zinyeshazo mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti na mikoa yenye vuli na masika.

Katika mgawanyo huo mkoa wa Morogoro umekatwa vipande viwili. Kaskazini yake huhesabiwa penye vuli na masika, na kusini yake penye mvua za msimu. Kilosa iko karibu na mpaka huo. Mkulima wa wilaya hii akisikia redioni utabiri wa vuli, yampasa kwanza ajue kama habari hiyo inamhusu.

Gharama ya kutoelewana hapa ni kubwa kuliko likizo ya mgeni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipitishwa katika bonde la Mkondoa, na mto huo umeivunja mara kwa mara. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kusimamisha treni kwa miezi kadhaa. Mahali kama hapo, jina la majira ni sehemu ya onyo.

Neno safari lenyewe

Hatuwezi kumaliza bila kuligusa neno safari. Kwetu maana yake ni mwendo wowote, hata wa mazishi au wa kutafuta kazi. Wageni walilichukua likiwa na maana ya msafara. Baada ya misafara ya uwindaji ya mwanzo wa karne ya 20, kama ule wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, likabaki na maana ya kwenda kwa wanyama tu. Sasa maana hiyo finyu inarejea nyumbani katika matangazo yetu. Si vibaya neno kupata tawi jipya, ila tawi lisikate shina.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne. Kwanza, katika maandishi rasmi neno kiangazi lifuatane na miezi yake, mathalani kiangazi cha Juni hadi Oktoba. Pili, neno ukame lisitumiwe kutaja majira makavu ya kawaida, kwani ukame ni balaa la mvua kukosekana inapotazamiwa. Tatu, miezi ya wageni iitwe msimu wa watalii, na neno msimu likiwa peke yake lisitumiwe ila pale muktadha unapoondoa shaka. Nne, neno mbuga lirudishiwe maana yake ya ardhi katika vitabu vya jiografia na kilimo, pamoja na ile ya wanyama.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, mgeni ajue ni lini aje, na mwenyeji naye asipoteze majina aliyokuwa nayo ya kuihesabia mvua yake. Wasomaji wa Kilosa, Mvomero, Kilombero na kwingineko wanaombwa wakusanye majina ya majira katika lugha zao, maana huko ndiko istilahi bora hupatikana.