Maneno tunayosali nayo yalitoka wapi?

Wasikilizaji wa Masisi na Walikale, Mkristo anayetaka kumweleza jirani Mwislamu imani yake ana maneno mengi tayari. Imani, dhambi, malaika, nabii, Injili, sala: yote yalipitia Kiarabu. Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki mbele ya mapadri, pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waislamu waliokaa Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Wamisionari walipokuja nyuma yao, walifundisha kwa maneno hayo hayo.

Lakini kuna neno linalotugonganisha: Mwana wa Mungu. Mwislamu anasikia kwamba Mungu alizaa kama mtu, jambo ambalo Kurani inakataa katika sura ya Ikhlas. Mkristo pia analikataa. Yeye anasema kwamba Neno la Mungu, lililokuwepo toka milele, lilifanyika mtu. Kurani nayo inamwita Isa neno kutoka kwa Mungu, na sura nzima ina jina la Mariamu. Mazungumzo yanaweza kuanzia hapo, hata kama Utatu na msalaba vitabaki kututenganisha.

Kwa nini tuseme haya leo? Mauaji ya ADF kule Beni yamefanya wengine wamshuku kila Mwislamu. Tukumbuke Shehe Ali Amini: alipinga kundi hilo waziwazi, akauawa kwa risasi msikitini Beni tarehe 1 Mei 2021.

Kambini hema zinagusana. Jirani yako anaamini nini? Umuulize yeye mwenyewe.