Samburu ya Kwale, Njia ya Kila Nishati ya Kenya

Chini ya ardhi ya Samburu hupita petroli, dizeli na mafuta ya ndege yanayotumiwa bara kuanzia Nairobi hadi nchi jirani. Juu hupita nyaya za umeme mkubwa. Kando zimelala reli mbili, ya Mwingereza na ya Mchina, na barabara kuu ambayo malori yake hayakomi usiku wala mchana. Na kwenye ukingo wa barabara hiyo yamesimamishwa magunia ya makaa yakingoja wanunuzi.

Hii si Samburu ya kaskazini yenye kaunti yake. Ni Samburu ya Waduruma, kaunti ya Kwale, kati ya Mariakani na Mackinnon Road, mlangoni mwa nyika ya Taru. Historia ya nishati ya Kenya huweza kusimuliwa yote ukiwa umesimama hapa, na pengine hapa ndipo inapofaa kusimuliwa, maana ndipo panapoonekana wazi nani aliyefikiwa na nani aliyepitwa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Injini zake za mvuke zilikula kuni kwa wingi, na nyika iliyokuwa kando ya njia ikawa ghala la nishati kabla ya mtu yeyote kuiita hivyo. Baadaye mafuta mazito yalichukua nafasi ya kuni. Kuanzia mwaka 1955 zililetwa injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zenye uzito upatao tani 250 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zikipitia Samburu, hadi dizeli ilipozistaafisha.

Umeme nao ulianzia pwani. Historia ya Kenya Power husimulia kwamba mashine ya kuzalishia umeme ya kasri la Sultani wa Zanzibar, iliyonunuliwa enzi za Seyyid Barghash, ilikuja kumilikiwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kuwa msingi wa kampuni ya umeme ya mji huo. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa iliunganishwa na ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadili jina kuwa Kenya Power and Lighting. Kwa hiyo Mombasa ilikuwa na taa za umeme zaidi ya karne moja iliyopita. Samburu, mwendo wa saa chache tu kwa treni, ilibaki na kuni na koroboi kwa vizazi kadhaa.

Mafuta yakafuata. Mtambo wa kusafishia mafuta wa Changamwe, Mombasa, ulifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1978 bomba la Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, likaanza kazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mafuta hayafiki bila kusukumwa tena na tena njiani. Mwanzoni vituo vya pampu vilikuwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Uchumi ulipokua, msukumo huo haukutosha. Mwaka 2008 Kenya Pipeline ikaongeza vituo vinne katikati ya vile vya zamani: Samburu, Manyani, Makindu na Konza. Uwezo wa bomba ukaongezeka maradufu, kutoka mita za ujazo 440 kwa saa hadi 880. Samburu ikawa PS2, pampu ya kwanza mafuta yakishatoka Mombasa.

Pampu za bomba huendeshwa kwa umeme. Umeme mwingi wa pwani nao, kwa miaka mingi, ulitokana na kuchoma mafuta: mitambo ya Kipevu, ule wa Tsavo Power uliozalisha megawati 74, na wa Rabai wenye megawati 90. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, laini mpya ya kilovolti 400 iliyojengwa na kampuni ya Ketraco kati ya Nairobi na Mombasa ilipoanza kazi. Ukanda uliokuwa ukipeleka nishati ya pwani bara ukaanza kuleta nishati ya bara pwani, hasa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mahali ambapo mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Mkataba wa Tsavo Power ulipokwisha mwaka 2021, mtambo wake ulizimwa. Kwa upande wa gridi, basi, serikali ina haki ya kujivunia: takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua, na lengo lililotangazwa ni kufikia asilimia 100 ifikapo mwaka 2030.

Lakini lengo hilo linahusu umeme tu. Chungu cha Samburu hakimo katika hesabu hiyo.

Makaa ya Kinango na Samburu ndiyo nishati pekee ambayo eneo hili huizalisha lenyewe na kuiuza, na ndiyo inayoligharimu zaidi. Miti hukatwa, hupangwa, hufukiwa kwa majani na udongo, kisha huchomwa polepole kwa siku kadhaa. Tanuri la aina hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyomo ndani ya kuni. Kilo saba hadi kumi za mti hutoa kilo moja ya makaa. Sheria hazijakosekana. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilitaka wachomaji wajiunge katika vyama na wasafirishaji wawe na vibali. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku ambayo Rais William Ruto aliiondoa Julai 2023. Katikati ya miaka hiyo ukaja ukame wa 2020 hadi 2022, misimu ya mvua ikapita mikavu mmoja baada ya mwingine, na mifugo ikafa. Mduruma aliyepoteza ng'ombe wake alibakiwa na kitu kimoja cha kugeuza kuwa karo na unga: mti. Kumwita mharibifu wa mazingira bila kutaja hilo ni kumwonea.

Kusini mwa kaunti, hadithi ni tofauti na ina matumaini zaidi. Katika ghuba ya Gazi, Msambweni, mikoko ilikatwa kwa wingi miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Leo pana mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo. Fedha zake zimesaidia miradi ya maji na shule. La busara zaidi ni kwamba wanakijiji wamepanda mivinje ili wapate kuni na nguzo bila kuigusa mikoko. Walikiri kwamba watu watahitaji kupika kesho, wakapanga kwa ajili ya kesho hiyo. Huko Ramisi, kiwanda cha sukari kilichoanguka mwaka 1988 kilipata mrithi, KISCOL, ambaye alijenga mtambo wa megawati 18 unaotumia makapi ya miwa. Dzombo kuna chemchemi za maji moto ambazo wanajiolojia wamezichunguza kama dalili ya mvuke. Mlima Mrima umebeba madini adimu ya aina itumikayo katika sumaku za mitambo ya upepo, ingawa leseni ya kampuni ya uchimbaji ya Cortec ilifutwa mwaka 2013 na kesi yake ya kimataifa ikatupwa mwaka 2018.

Samburu ina jua. Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika KOSAP, mpango wa sola kwa maeneo yaliyo mbali na gridi ambao Benki ya Dunia iliufadhili kwa dola milioni 150 kuanzia mwaka 2017. Miaka miwili kabla yake, mpango wa Last Mile ulikuwa umeshusha gharama ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Hatua hizo zimeleta taa, simu zenye chaji na redio. Hazijaondoa jiko la makaa, kwa sababu paneli ndogo ya nyumbani haina nguvu ya kuivisha ugali, na mtungi wa gesi humtaka mtu awe na fedha nyingi kwa siku moja, hali makaa hununuliwa kwa mkebe. Serikali imeahidi kwamba kufikia mwaka 2028 kila Mkenya atapika kwa nishati safi.

Hapa pana pengo ambalo Bunge linaweza kuliziba. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo husika. Sheria ya Madini ya 2016 hutenga asilimia 10 kwa jamii. Anayeishi juu ya rasilimali ametambuliwa. Anayeishi kwenye njia yake hulipwa fidia ya ardhi mara moja, kisha mafuta na umeme huendelea kupita kwa miongo. Fungu dogo linalotokana na ada za bomba na za laini za umeme, likielekezwa katika mitungi ya gesi, majiko bora na mashamba ya kuni ya vijiji vya Samburu, Taru na Mackinnon Road, lingegusa majiko yaleyale ambayo lengo la 2028 linayazungumzia. Kaunti nayo haiko mikono mitupu: Katiba ya 2010 iliipa majukumu katika usambazaji wa umeme na gesi, na sheria hiyohiyo ya 2019 inaitaka iwe na mpango wake wa nishati. Kurasa za kwanza za mpango wa Kwale zinapaswa kuanza na makaa.