Dhamana ya Mtengenezaji: Mafunzo ya Jengo la Grenfell

Miongoni mwa masuala ambayo mafakihi waliyashughulikia tangu zamani ni dhamana: mali ikiharibika au mtu akidhurika, nani alipe? Suala hili si la vitabuni tu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, sawa na Ramadhani 19, 1438, moto ulizuka katika jengo la Grenfell, North Kensington, London, ukaua watu 72. Baadhi ya Waislamu waliokuwa macho wakisubiri daku ndio waliowagongea majirani milango.

Kwanza tuyatazame yaliyotokea. Jengo hilo la ghorofa 24, lililokamilika mwaka 1974, lilikuwa la zege, na zege haliungui. Lakini katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016, kuta za nje zilivikwa vibao vya alumini vyenye plastiki ya polithini katikati, na nyuma yake povu la kuhifadhi joto, nalo pia huungua. Moto ulianza kwenye friji, ghorofa ya nne. Ulipotoka dirishani na kushika vibao, haikupita nusu saa ukawa umefika juu kabisa.

Wanachuoni wametofautisha baina ya mubashir, yaani mwenye kutenda tendo lenyewe, na mutasabbib, mwenye kuweka sababu. Majalla, sheria ya Dola ya Uthmaniya iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, inamdhaminisha wa kwanza hata kama hakukusudia; ama wa pili, hadhamini ila kwa kukusudia. Mwenye friji hakuwa na kosa, na uchunguzi ulisema hivyo. Mtengenezaji wa vibao hakuwasha moto; yeye ni mutasabbib. Basi swali linakuwa: je, alijua?

Tume ya uchunguzi chini ya Sir Martin Moore-Bick ilijibu katika ripoti yake ya mwisho ya tarehe 4 Septemba 2024. Ilisema kwamba Arconic, waliotengeneza vibao, walificha sokoni ukubwa wa hatari yake, ilhali majaribio yao wenyewe yalionesha kuwa vibao vilivyokunjwa mfano wa sanduku huungua vibaya zaidi kuliko vya kupigwa ribiti. Watengenezaji wa povu, Celotex na Kingspan, nao walionekana kupotosha soko. Serikali, halmashauri, wasanifu na makandarasi hawakusalimika na lawama. Arconic walikana kuuza bidhaa isiyo salama.

Katika fiqhi, anayejua aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Lakini mkaazi wa Grenfell hakununua kibao kiwandani. Hakukuwa na mkataba baina yao. Fundo hilo hilo liliifunga sheria ya Uingereza, hadi Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 ilipomruhusu mwenye nyumba isiyofaa kukaliwa kumshitaki mtengenezaji wa vibao moja kwa moja, na kwa makosa yaliyopita ikarudi nyuma miaka 30.

Hili si geni kwetu. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali aliwadhaminisha mafundi mali za watu zilizomo mikononi mwao kwa ajili ya maslaha, ingawa Abu Hanifa ana rai nyingine. Lengo ni fundi aogope kabla hajaharibu. Huko London woga huo uliwekwa baada ya mazishi.

Wallahu aalam.