Asili ya Hesabu: Vyombo Vilivyozama na Somo la Sehemu



Katika shule zetu za milimani, kuanzia Kasugho hadi Lubero na Butembo, somo la sehemu huanza na ndizi. Mwalimu huikata katikati na kusema: hii ni 1/2. Huikata tena: hii ni 1/4. Watoto hufurahi, ndizi huliwa, na somo huishia mdomoni. Juma linalofuata, ukiwauliza robo ya watu 48 ni wangapi, darasa hunyamaza. Ndizi imewafundisha kukata. Haijawafundisha kuuliza: sehemu ya nini? Ndiyo sababu sisi tunaowaandaa walimu tumependelea kuingiza historia ndani ya hesabu, na hasa historia ya vyombo vilivyozama majini. Wako wanaosema jambo hili ni zito mno kwa watoto. Watoto wa Kivu wamekwisha kuona mazito kuliko haya, na namba inayosimama mahali pa watu hawaisahau upesi.

Kwa Kiswahili cha vitabu, namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Jina hili la pili limechaguliwa vizuri sana, kwa kuwa bila kujua mambo yalitoka wapi, namba ya juu haina maana.

Tazameni meli ya Titanic, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Ilikuwa na mashua 20 za kuokolea, zenye nafasi 1,178, ilhali watu waliokuwemo walikuwa zaidi ya 2,200: nafasi kwa nusu yao na kidogo tu. Hata hivyo haikuvunja sheria ya Uingereza ya wakati ule, kwa maana sheria ilipima mashua kwa uzito wa meli, si kwa idadi ya watu, na haikuwa imefikiria meli kubwa namna ile. Asili iliyotumika ilikuwa tani. Tena, abiria wa daraja la kwanza waliokoka kwa kadiri ya 3/5, na wa daraja la tatu kwa kadiri ya 1/4. Meli ilikuwa moja na usiku ulikuwa mmoja, lakini sehemu zilikuwa mbili.

Hapa pana jambo la ufundi ambalo walimu wengi hulipita haraka. Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, tunampigia alama nyekundu, na ni haki, kwa sababu jibu ni 5/6. Lakini mtoto huyo hakubuni upuuzi. Ikiwa mashua moja ilikuwa na watu 2, akaokoka 1, na nyingine ilikuwa na watu 3, akaokoka 1, basi kwa jumla wameokoka 2 kati ya 5. Amejibu swali jingine, lisiloulizwa. Katika 5/6 tunajumlisha vipande vya kitu kimoja. Katika 2/5 tunaunganisha makundi mawili, kila moja na asili yake. Mwalimu akiieleza tofauti hii, kosa hilo hupungua.

Tuje karibu na kwetu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko huko Bugolora, kivuko MV Nyerere kiliondoka Ukerewe kuelekea kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilijengwa kubeba watu 101. Kilipinduka mita chache kutoka gatini, watu wa kisiwani wakitazama. Walikufa 228, wakaokoka 41. Jumlisheni: 269. Gawanyeni kwa 101, mpate 2 na 67/101, karibu 2 na 2/3. Sehemu ambayo kiasi chake kinapita asili vitabu huiita sehemu guni. Darasani hiyo ni zoezi tu, lakini gatini ilipasa kuwa amri ya kushusha watu.

Watoto hujaribu kuifupisha 41/269, nao hushindwa. Hujaribu kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 13. Namba zote mbili ni tasa, hakuna kinachozigawanya. Twaweza tu kusema kwamba waliookoka walikuwa zaidi ya 1/7 na pungufu ya 1/6. Na hiyo 269 yenyewe ilipatikana baada ya maiti kuhesabiwa. Habari za siku zile zilisema mkata tiketi alizama pamoja na mashine yake.

Ziwa lile lilikuwa limekwisha kutoa onyo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa ya kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Abiria wa daraja la tatu, waliolipa kidogo, hawakuandikwa popote. Ndiyo maana mpaka leo wengine hutaja wafu zaidi ya 500, wengine karibu 1,000. Kwa maskini hao, hesabu ilikosa asili tangu bandarini.

Someni sasa Matendo ya Mitume, sura ya 27. Luka, aliyekuwa msafiri mwenyewe, anatoa idadi kabla merikebu haijavunjika: watu 276. Humo mna jemadari, askari, mabaharia, na wafungwa, Paulo akiwa mmojawapo, na kila mmoja amehesabiwa kuwa mmoja. Wajuao kuogelea wanajitupa majini kwanza, wengine wanafuata juu ya mbao, na wote wanafika nchi kavu ya Malta. 276/276, yaani 1.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati ambapo vita vilikuwa vimefunga barabara na kuwasukuma watu ziwani. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani ya boti na wafu 78; hesabu nyingine za siku zile hazikupatana na zake.

Ubaoni tunaziandika namba hizo tatu, 276, 269 na 278, kila moja chini ya mstari wake, na kuwaambia watoto waweke juu idadi ya waliookoka. Ya kwanza huijaza wote kwa pamoja. Ya pili huijaza polepole. Ya tatu tunaiacha wazi upande wa juu, na mstari wenyewe tunauchora kwa nukta.