Gari lenye tumbo la mtumbwi

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya tesiti. Juzi usiku hapa hosteli kulizuka ubishi. Jamaa mmoja akasema magari ya deraya yanayohimili mabomu ya barabarani ni uvumbuzi wa Wamarekani kule Iraki. Nikabisha. Leo nimetoka maktaba, ushahidi huu hapa.

Magari haya yalizaliwa kusini mwa Afrika. Miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Zimbabwe walitega mabomu kwenye barabara za vumbi. Serikali ya Ian Smith ikaanza kuunda magari kama Leopard, lililoendeshwa kwa injini ya Volkswagen. Siri iko chini: badala ya sakafu bapa, tumbo lilichongwa kama herufi V, mfano wa mtumbwi. Bomu likilipuka, nguvu yake inatelezea pembeni. Gari linapoteza magurudumu, lakini waliofunga mikanda wana nafasi kubwa ya kutoka wazima.

Makaburu wakaendeleza. Karibu na mwaka 1980 wakatoa Casspir, jina lililopatikana kwa kuchanganya herufi za SAP (polisi wao) na CSIR (taasisi yao ya utafiti). Kikosi cha Koevoet kikalitumia Namibia, kisha likaingia hadi vitongoji vya watu weusi kama Soweto. Huko halikuwa gari la kuokoa maisha hata kidogo!

Wamarekani walikuja baadaye. Kuanzia 2003 askari wao walikufa Iraki ndani ya Humvee zenye sakafu bapa. Mwaka 2007 waziri wa ulinzi Robert Gates akaagiza magari ya MRAP yapewe kipaumbele, na mwishowe yakanunuliwa zaidi ya 20,000. V ni ile ile.

Ubishi nikashinda, ila nikakwama kwingine. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja ni Mganda. Kaka yake alikuwa Mogadishu na jeshi la Umoja wa Afrika, na Waganda kule walitumia hizo hizo Casspir. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo gari lililowatesa wenzetu wakati wa ubaguzi." Akaniangalia, akasema taratibu, "Wewe hukuwa unasubiri simu ya usiku."

Nikanyamaza. Kaka yake alirudi na miguu yote miwili.

Haya wadau, nyie mnasemaje?