Miezi Mitatu ya Kuunda Simu ya Mkononi

Mwaka 1946 kampuni ya AT&T ilianzisha huduma ya simu za gari mjini St. Louis, Marekani. Mitambo yake ilikuwa mizito, ikitegemea umeme wa gari, na masafa yalikuwa machache mno kuwatosha wateja. Mwaka uliofuata wataalamu wa Bell Labs, maabara ya kampuni hiyohiyo, walipendekeza mji ugawanywe katika maeneo madogo, kila eneo liwe na mnara wake, ili masafa yaleyale yatumike tena mbali kidogo.

Wazo hilo lilingoja miaka mingi. Serikali ilipokuwa tayari kutoa masafa mapya, AT&T iliwasilisha mpango wake mwaka 1971, na mpango huo uliegemea zaidi simu za gari. Motorola, iliyokuwa ikiwauzia polisi na wafanyakazi wengine redio za mawasiliano, iliona hatari: AT&T ikikabidhiwa masafa peke yake, soko lingefungwa. Hoja za maandishi pekee zisingetosha. Ilibidi Tume ya Mawasiliano ya serikali, iliyogawa masafa, ione kwa macho simu inayobebwa mkononi kabla haijaamua.

Ndipo Desemba 1972 Martin Cooper wa Motorola alipomwendea Rudy Krolopp, mkuu wa wabunifu wa maumbo wa kampuni hiyo, akamwomba umbo la simu ambayo haijawahi kuwapo. Krolopp aliwashindanisha wabunifu wake, nao wakaleta vielelezo mbalimbali, vikiwamo vya kukunja na vya kutelezesha. Kilichoteuliwa kilikuwa sahili kuliko vyote, kazi ya Ken Larson: kipande kimoja, sikio juu, mdomo chini, vitufe katikati. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa maana kila kiungo kinachosogea kingeongeza kazi na uwezekano wa kuharibika.

Kisha kazi ikawa ya wahandisi wa Don Linder, waliopaswa kushindilia mamia ya vipuri ndani ya kasha hilo. Vipuri havikuenea, kwa hiyo kasha likakua, na simu ikafikia uzito wa zaidi ya kilo 1. Tarehe 3 Aprili 1973, akiwa barabarani mjini New York, Cooper aliitumia simu hiyo kumpigia Joel Engel, mshindani wake wa Bell Labs.

Je, ushindi huo ulitokana na nini? Wengine humsifu Cooper kwa kuamini kwamba mtu hupiga simu kwa mtu, si kwa gari. Wengine husema ni hofu ya ukiritimba, na wengine hutaja maendeleo ya vipuri vya elektroniki. Vipuri viliiwezesha kazi na imani iliipa mwelekeo, lakini haraka ile ilitoka kwenye hofu. Bila hiyo, wazo lingeweza kungoja tena.

Hata hivyo, miezi 3 ilizaa kielelezo cha kuonyesha, si bidhaa ya dukani. Simu ya dukani ya Motorola, DynaTAC 8000X, iliidhinishwa Septemba 1983, ikauzwa kwa dola 3,995. Katika miaka hiyo 10 wahandisi waliipunguza uzito, na serikali ikakamilisha kanuni za masafa. Lakini umbo la Larson lilibaki likitambulika. Muda mfupi ulitosha kuamua simu iwe na sura gani, ila kuifikisha mikononi mwa wanunuzi kulihitaji subira ya kiwanda na ya sheria pia.