Mji Uliochaguliwa kwa Kesi

Katika riwaya za mahakamani, mji mdogo ndiko uhalifu unakotendeka. Kapenguria hakukutendeka lolote. Jomo Kenyatta alikamatwa 20 Oktoba 1952, na shtaka lilikuwa kuongoza Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliutafuta mji usio na reli wala hoteli, ndani ya eneo lisiloingilika bila kibali, ikampeleka huko pamoja na wenzake watano. Walipofika waliachiliwa huru, kisha wakakamatwa papo hapo, ili kesi ionekane ni ya huko huko.

Mahakama ilikuwa darasa la shule. Hakimu Ransley Thacker alisikiliza bila baraza la wazee wa mahakama. D. N. Pritt, wakili kutoka London, na wenzake walilala Kitale na kupanda barabara ile kila asubuhi.

Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Thacker alimsadiki, na tarehe 8 Aprili 1953 akawahukumu wote sita miaka saba na kazi ngumu. Macharia alipelekwa kusoma Uingereza kwa gharama ya serikali.

Halafu ikaja rufaa, nami hapa hucheka kila nikisoma. Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa Jimbo la Bonde la Ufa. Waliochagua mji kwa uangalifu wote ule hawakuangalia ramani! Mahakama Kuu ikakubali kwamba hakuwa na mamlaka. Kicheko hakikudumu: Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitengua uamuzi huo. Oneko pekee ndiye aliyeshinda rufaa yake, na hata yeye akawekwa kizuizini.

Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba alinunuliwa. Alishtakiwa. Lakini si kwa uongo wa Kapenguria. Alishtakiwa kwa kuapa kwamba alisema uongo, akafungwa. Huenda alidanganya mara zote mbili, sijui kwa nini tumwamini zaidi safari ya pili. Ila kiapo kimoja kilimpatia masomo ng'ambo, na cha pili kikampatia jela. Mwaka uliofuata, 1959, Kenyatta alimaliza kifungo chake. Hakuachiliwa, alihamishiwa Lodwar.